Mita Sita na Kumi na Nne

Kazi yangu ni kupima.
Miaka kumi na tisa nimezunguka Soko la Mgandini
na begi la mawe ya shaba,
nikigonga lakiri kwenye mizani,
nikiwatoza faini wenye makopo yaliyobonyezwa kitako.
Watu wakiniona huanza uaminifu,
nikipinda kona huacha.

Basi Mwanakombo Singano aliponiita
nilidhani kuna mtu amempunja.
"Lete tepu," alisema, "ile ya chuma, isiyovutika."

Yeye ni wa Mkanyageni, muuza machungwa.
Kisu chake kimenolewa tangu enzi za mama yake
hadi kimebaki wembamba wa unyasi.
Mpwawe alimsomea kwenye simu
habari za watu wa rekodi za dunia:
huyu amefuga kucha hadi hawezi kufunga kifungo,
yule amesimama kwa mguu mmoja mchana na usiku,
mwingine amejibandika vijiko usoni,
na mmoja, wa nchi ya baridi,
amemenya chungwa zima bila ganda kukatika.
"Kiasi gani?" Mwanakombo akauliza.
Akaambiwa.
Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Jumatano, baada ya adhuhuri,
alichagua chungwa la Muheza, kijani bado,
maana lililoiva, alisema, ganda lake lina usingizi.
Hakutazama kisu. Alitazama barabara.
Chungwa ndilo lililozunguka, mkono umetulia,
na utepe ukashuka, upana wa punje ya mchele,
ukajikunja kwenye sinia, ukajaza sinia.
Mteja mmoja alisema, "Dada, nipe la mia mbili,"
akanyamazishwa na soko zima.

Dakika arobaini na moja.

Tuliunyoosha barazani kwa mafundi cherehani;
watu wazima tisa wakabeba mashine zao pembeni
kama wanampisha bibi harusi.
Nikapiga magoti na suruali ya ofisi.
Mita sita, sentimita kumi na nne.
Nilisoma mara tatu, na mkono wangu,
ambao haujawahi kutetemeka mbele ya tajiri yeyote,
ulitetemeka.

Lakini kanuni ilitaka mashahidi wawili,
na wa pili, Mwalimu Kihiyo,
alikuwa Pangani msibani.
Akaja Alhamisi asubuhi, amevaa tai.
Usiku kucha ganda lilikuwa limeachia maji yake,
limejikaza, limekauka kama uzi wa mkonge.
Tukapima.
Mita tano na sitini na tisa.

Mwalimu akashusha sauti:
"Andika ya jana. Sote tunaamini."
Kweli niliamini. Nilikuwepo, nilipiga magoti.
Ila fomu haikuuliza tunaamini nini;
ilisema: tumepima sote wawili.
Nikawakumbuka wale niliowatoza faini
kwa gramu hamsini za sukari,
nao wote waliniapia
kwamba jana mizani ilikuwa sawa.

Nikamtazama Mwanakombo,
nikitamani anikasirikie, anirahisishie.
Alikuwa anammenyea mtoto wa shule.
"Usitie saini," alisema.
"Kisu hiki kinalisha wanangu. Usikipake uongo."
Kisha, akifuta mikono kwenye kanga:
"Na lile chungwa lenyewe nililiuza jana ile ile.
Yule bwana kalalamika, eti chachu."

Fomu iko kwenye droo yangu,
chini ya vitabu vya risiti, nusu imejazwa.
Msimu umerudi mara mbili.
Mwalimu amehamishiwa Handeni.
Nami kila nikipita Mgandini
nina tepu mfukoni
bila sababu yoyote ya kiserikali.
Akiniona hainui kichwa, hasalimii;
hupunguza tu
upana wa ganda.